Pikapu iliyolowa ikiwa imelala: kisa cha maji miguuni mwa dereva

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu, HZJ75, kabini moja, injini ya 1HZ ya dizeli yenye lita 4.2. Mfululizo wa 70, ambao HZJ75 ni mmojawapo, ulianza kutengenezwa mwaka 1984. HZJ75 ikaja 1990, ikadumu mpaka 1999 ilipoipisha HZJ79. Nyingi tulizonazo Tanzania zilianzia maisha kwenye miradi, mbugani na kwenye mashirika, zikaishia mnadani. Hii nayo ilitoka mnadani, ikiwa na mkonga wake, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, pembeni mwa kioo na alama za redio ya mawasiliano iliyokwisha kung'olewa. Mwenye nayo ni mzee anayekusanya viazi mviringo vijijini Njombe na kuvipeleka Makambako. Injini haikuwa na neno, gia safi, hata moshi hautoi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: mvua ikinyesha usiku, asubuhi kuna dimbwi miguuni mwa dereva.

Dimbwi hilo lilikuwa na historia. Kabla ya kufika kwetu gari lilishapita gereji kadhaa, na kila mkono uliopita uliacha kumbukumbu ya silikoni. Kuzunguka mpira wa kioo cha mbele kulikuwa na tabaka jeusi, juu yake tabaka jeupe, na juu ya jeupe ile inayong'aa ya kuzibia masinki. Sehemu nyingine iliinuka kabisa, ukiishika kwa kucha inatoka ndefu kama tambi, na chini yake kuna vumbi jekundu lililokauka.

Nina ugomvi wa siku nyingi na silikoni ya dukani kwenye bodi ya gari. Ile inayonuka siki wakati inakauka inatoa asidi. Ukiipaka juu ya bati lililokwanguka rangi, umeanzisha kutu mahali pale pale ulipotaka kuzuia maji. Rangi haishiki juu yake, kwa hiyo atakayekuja kutengeneza vizuri ataanza kwanza kwa kuikwangua yote. Yenyewe pia haishiki mpira mkongwe wenye vumbi na mafuta. Kubwa kuliko hayo, mara nyingi inapakwa mahali maji yanapotokea badala ya pale yanapoingilia. Maji yaliyoingia juu yanakosa mlango wa kutokea, yanatafuta njia ya ndani.

Kwa hiyo hatukuanza na kioo. Tulianza na maswali, kwa sababu mwenye gari anajua vitu vingi ambavyo hajui kwamba anavijua.

"Mzee, linalowa likiwa njiani au likiwa limelala?"

"Likilala. Njiani pia, ila kidogo tu. Nikipita kwenye dimbwi la nguvu nasikia ubaridi hapa kifundoni."

"Na siku ya jua, hukuti unyevu?"

"Siku ya jua pakavu kabisa."

"Na ukilala nalo Makambako?"

Akanyamaza kidogo. "Makambako hailowi. Nilikuwa nasema labda kule mvua ni ndogo."

"Nyumbani unaliegeshaje?"

"Pua chini. Uwanja wangu una mteremko. Betri ikigoma asubuhi naliachia linashuka, natia gia, linawaka."

Majibu hayo yalipunguza nusu ya kazi. Siku ya jua pakavu maana yake hatutafuti maji ya hita wala ya kiyoyozi. Hita ikivuja inalowesha kwa jua na kwa mvua, maji yake yanateleza vidoleni kwa sababu ya kulanti, yaani dawa ya rediyeta, na kiwango kwenye rediyeta kinashuka. Kiyoyozi kinadondosha matone kinapofanya kazi, hasa mpira wake wa kutolea maji ukiziba, na cha gari hili kilikwisha kufa miaka mingi. Upande wa dereva kuna kitu kingine watu husahau, nacho ni silinda ya klachi iliyopo juu ya pedali. Ikivuja inachuruzika kwa ndani mpaka sakafuni. Lakini hayo ni mafuta ya breki, yanatafuna rangi na hayakauki kama maji. Tulipapasa pale, pakavu. Kilichobaki ni mvua.

Halafu "likilala" na "nikipita kwenye dimbwi" ni malalamiko mawili, ingawa mzee aliyasema kwa pumzi moja. Maji ya mvua iliyonyesha juu ya gari lililosimama yanatoka juu. Maji ya dimbwi yanarushwa na gurudumu kutoka chini. Mtu akiyachanganya atatafuta tundu moja linaloeleza yote mawili, na tundu hilo halipo.

La tatu ni ile pua chini. Hilo niliandika pembeni kwenye daftari, nikalizungushia duara.

Tukang'oa siti na kufunua mpira wa sakafuni. Chini ya mpira huo kuna felti, na felti ndiyo inayowadanganya watu. Inabeba maji kwa kiasi usichokidhania, inayasambaza kila upande, inakaa mbichi siku nyingi baada ya mvua kukatika. Ukiikuta imelowa katikati haina maana maji yaliingilia katikati. Hii ilikuwa nzito na inanuka tope la mtoni. Ilianikwa juani, sakafu ikafutwa mpaka ikawa kavu. Bati lilikuwa na kutu ya juu juu, zaidi kwenye pembe ya mbele kulia, pale mguu wa kulia wa dereva unapopumzika. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi kila sehemu, hakuna palipobonyea. Nafuu hiyo, maana HZJ75 nyingi zinazoletwa na malalamiko haya zinakuja tayari sakafu inaona barabara.

Tundu la kwanza tulilipata bila maji. Tulifunika vioo vyote kwa turubai, nikaingia ndani na kufunga milango, kijana wetu akabaki nje na tochi kali akimulika chini ya boneti, akiipitisha polepole kwenye bati linalotenga injini na kabini. Nyuma ya pedali ya klachi mwanga ukatokea, mviringo, karibu milimita 25. Ndiko zilikopita nyaya za ile redio. Waliong'oa redio walivuta nyaya na kuondoka na mpira wa kupitishia, tundu wakaliacha wazi. Hapo ubaridi wa kifundoni ulipata maelezo: gurudumu la mbele linarusha maji ndani ya chumba cha injini, mengine yanapenya hapo. Lakini mvua ya usiku haipandi kutoka chini, kwa hiyo tundu hilo halihusiki na dimbwi la asubuhi. Tulilizibia mpira mpya na kuendelea.

Sasa maji. Watu wanapenda kuleta mashine ya kuoshea yenye presha, na hapo ndipo uchunguzi unapoharibika. Presha ile itapitisha maji hata kwenye mpira mzima wa gari jipya. Mvua haina presha hiyo. Unachohitaji ni mpira wa kawaida wa bustani bila kichwa, maji yanamwagika tu kwa uzito wake, na mtu mmoja amelala ndani na tochi. Kabla ya kumwaga tulipuliza poda ya mtoto kwenye pembe zote za ndani: chini ya dashibodi, pembeni mwa miguu, kwenye kizingiti cha mlango. Kwenye bati lenye poda hata tone moja linaacha mstari, na mstari huo unaweza kuufuata kurudi juu mpaka unakoanzia.

Unaanza chini unapanda juu. Ukianza juu umeshalowesha kila kitu, hutajua ni wapi palipovuja. Na kila mahali unakaa dakika tano au zaidi, maana maji ndani ya bodi yanatembea polepole na yanasimama njiani.

Tukaanza na mlango. Kwanza kipande cha karatasi kilichobanwa kati ya mlango na mpira wake: kikivutika bila kushikwa, mpira haubani. Kilishikwa kote, ila kona ya juu nyuma ni legelege kidogo. Tukamwagia kioo cha mlango. Hapa niseme jambo linalowatisha wengi. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida. Yanapita kando ya kioo, yanashuka ndani ya bati, yanatokea kwenye matundu madogo yaliyo ukingo wa chini. Kinachoyazuia yasije kwako ni karatasi ya nailoni iliyogandishwa nyuma ya kava. Kwenye mlango huu nailoni ilikuwepo, imechoka lakini imeshika. Matundu ya chini ndiyo yaliyokuwa yamejaa udongo, ukiutikisa mlango unasikia maji yakicheza ndani. Waya mmoja ukayafungua. Poda ya sakafuni haikuguswa.

Tukapanda kwenye uwazi wa hewa ulio chini ya wipa. Njombe ni nchi ya misonobari na mikaratusi, na gari linaloegeshwa chini ya miti hiyo hukusanya majani mpaka yanakuwa mbolea. Tulitoa sindano za msonobari zilizooza, nyeusi, zimeshikana. Kwa kweli nilitegemea kisa kiishie hapo, maana uwazi huo ukiziba maji yanajaa na kufurika kuingia ndani kupitia njia ya feni. Tukamwaga maji kwa muda mrefu. Yakashuka vizuri, yakatokea nyuma ya fenda zote mbili. Ndani pakavu.

Kioo cha mbele, kona ya chini kulia: pakavu. Kona ya chini kushoto: jasho kidogo, matone machache kwa upande wa abiria, yanaishia kwenye dashibodi bila kufika sakafuni. Nikaweka alama. Nguzo ya kioo upande wa dereva: pakavu. Mfereji wa paa: pakavu. Gari zima lilishalowa mpaka kijana akalowa naye, na poda ya upande wa dereva imekaa kama tulivyoipuliza.

Mzee alikuwa amesimama pale na mikono nyuma. "Fundi, sasa mbona nyumbani inajaa?"

Kwa sababu nyumbani haliko tambarare. Sakafu ya gereji yetu imenyooka, na gari tulilokuwa tunalichunguza halikuwa katika hali ile linayougulia. Tukalisukuma mpaka kwenye njia ya kuingilia ambako ardhi inashuka, tukalisimamisha pua chini, mawe kwenye magurudumu, poda mpya ndani, tukarudia kila kitu kuanzia mlangoni.

Mlango kimya, na ule uwazi wa chini ya wipa nao kimya. Tulipofika kioo na nguzo, tukauacha mpira unamwaga pale na watu wakaenda kunywa chai. Kabla vikombe havijaisha kijana akaita. Pembeni mwa mguu wa dereva, chini kabisa, pale mabati matatu yanapokutana, kulikuwa na mstari mmoja kwenye poda, mwembamba, unaanzia kwenye kiungo cha bati na kushuka sakafuni. Juu ya kiungo hicho poda ilikuwa safi. Kwa maneno mengine maji hayakushuka kutoka dashibodi. Yalitoka ndani ya bati lenyewe.

Kujua maji yanatokea wapi bado si kujua yanaingilia wapi. Kioo na nguzo vimepakana, na maji ya kimoja yanatiririkia kingine. Tukavitenganisha kwa tepu. Kwanza tulifunika mzunguko wote wa kioo kwa nailoni na tepu pana, tukamwagia nguzo peke yake. Mstari ukarudi. Kisha tukafanya kinyume chake: kioo wazi, nguzo imefunikwa pamoja na kishikio cha mkonga. Tulingoja kuliko mara ya kwanza, hakuna kitu. Kioo kilichopakwa silikoni miaka yote ile, kwa upande wa dereva hakikuwa na hatia.

Kwenye magari haya ya 1HZ mkonga uko kulia, yaani kwetu upande wa dereva, na kichwa chake kinashikwa na kishikio kilichofungwa kwenye nguzo ya kioo. Tulifungua skurubu tatu za kishikio. Mbili zilitoka kwa shida, ya tatu ilikatika. Chini ya plastiki palikuwa na matundu manne. Aliyefunga mkonga alitoboa mahali pasipo, akaona hapalingani, akatoboa pengine, na lile la kwanza akaliacha bila hata rangi kwa kuwa kishikio kingelificha. Kingo zake zilikuwa zimeshalika na kutu, ncha ya penseli inaingia na kucheza. Maji ya mvua yanashuka kwenye nguzo, yananaswa nyuma ya kishikio, yanaingia humo.

Nguzo ni bomba la bati, tupu ndani. Linashuka mpaka kwenye boksi la kizingiti, lile linalopita chini ya mlango kutoka mbele kwenda nyuma, nalo pia ni tupu. Waliolisanifu gari walijua maji yatafika humo, ndiyo maana chini ya boksi kuna matundu ya kuyatoa. Tulipolala chini ya gari hatukuyaona. Mtu aliwahi kulipaka lami chini kote, nene, kwa nia njema ya kuzuia kutu, na lami ikayafunika matundu yote ya upande wa kulia.

Hapo kisa kinajieleza chenyewe. Gari likiwa tambarare, maji yanayoingia yanasambaa urefu wote wa boksi, na mengine yanajipenyeza taratibu kwenye kiungo cha nyuma ambako lami ilikuwa imepasuka. Likiinamisha pua, yote yanakimbilia mbele. Mteremko wa digrii tano tu, kwenye boksi la mita moja, unaleta tofauti ya karibu sentimita tisa kati ya ncha na ncha. Kiungo cha nyuma kinabaki juu, pakavu, na maji ya mbele yanapanda mpaka yanafika kile kiungo cha mguuni na kuingia ndani. Makambako alikuwa anaegesha kwenye uwanja tambarare wa mizigo. Mvua haikuwa ndogo kule.

Tulikwangua lami na kutafuta matundu kwa kulinganisha na upande wa kushoto, tukachokoa kwa waya. La kwanza lilipofunguka yalitoka maji mekundu, mazito, na vipande vya kutu vyembamba kama magamba. Tukasafisha boksi kwa maji mpaka yakatoka meupe, tukapuliza kwa kompresa, tukaliacha juani. Baadaye tulinyunyizia ndani nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu. Najua mafundi wengi humimina oili chafu humo. Sipendi. Inalainisha vizibo vya mpira, inadondoka kwenye uwanja wa mtu kwa wiki nzima, na oili iliyokwisha kutumika imeshabeba asidi zake kutoka kwenye injini.

Kwenye nguzo, kazi ilikuwa ya welding na uvumilivu. Tundu la makosa halizibwi kwa puti. Puti ya kawaida inanyonya unyevu, na ukiiweka juu ya tundu lililo wazi kwa nyuma, inainuka baada ya msimu mmoja na kuondoka na rangi. Tulisugua kwa brashi ya waya mpaka bati likang'aa, tukatoa waya za betri, tukaziba tundu la makosa na la skurubu iliyokatika kwa moto mdogo mdogo wa kupumzisha, tukasawazisha kwa grenda, praima ya epoksi, rangi. Matundu matatu ya kishikio yalipangwa kwa kukipima kwanza, kisha drili. Badala ya skurubu za kujikata tuliweka nati za kubanwa kwenye bati, kila moja imepakwa sili ya poliurethani kabla ya kuingia, na nyuma ya kishikio tukaweka bamba laini la butili, mpira unaonata, lisiloganda. Sili ya poliurethani inakauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, milimita chache kwa siku, kwa hiyo anayekufungia saa hii na kukumwagia maji saa hii hajakupima kitu.

Nilimshauri mzee auondoe mkonga kabisa, tuzibe matundu yote, tumalize. Hajawahi kuvuka mto nao. Na kama angevuka, usingemsaidia: mpira wa ndani ya fenda, kati ya mkonga na boksi la chujio, ulikuwa na kibanio kimelegea, injini ingevuta maji hapo hapo. Kibanio tulikikaza. Kuhusu kuuondoa, mzee alicheka. "Fundi, bila mkonga hii itakuwa gari gani tena?" Gari ni lake.

Bado kulikuwa na yale matone ya kona ya kushoto ya kioo. Hayakufika sakafuni, na mzee hakuwahi kuyalalamikia, lakini chini ya silikoni rangi ilikuwa imevimba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo inavyokua inausukuma mpira juu, mpira ukiinuka maji yanaingia zaidi. Ukiliacha kwa miaka miwili fremu ya kioo inaisha, na fremu ya kioo kwenye gari hili ni kazi ya pesa. Tukakubaliana kutoa kioo.

Kioo cha HZJ75 kinashikwa na mpira, hakikugandishwa kwa gundi, na hiyo ndiyo raha yake. Mpira wa zamani tuliukata kwa wembe kwa nje, maana ulikuwa mgumu na hatukuwa na haja nao, kioo kikatoka kizima. Silikoni tuliikwangua kwa plastiki, kisha thina, kisha tena, mpaka kidole kikipita kinakwaruza. Pakibaki hata utando, praima itajikusanya na kuacha macho, yaani vidoa vitupu visivyoshika rangi. Kona ya kushoto ilikuwa na kutu ya upana wa vidole viwili na tundu dogo moja. Ilikatwa, ikapigwa kiraka cha bati la milimita moja, ikasafishwa na kupakwa rangi hadi ndani ya ukingo unaofichwa na mpira. Wengi huishia pale panapoonekana, na kutu hupenda kuanzia pasipoonekana.

Kurudisha kioo ni kazi ya watu wawili na kamba. Mpira mpya unavalishwa kwenye kioo kwanza. Kamba laini inazungushwa kwenye mfereji wa mpira, ncha mbili zikikutana chini katikati na kubaki ndani ya gari. Mpira unapakwa maji ya sabuni. Mmoja yuko nje, anakandamiza kwa viganja, hapigi ngumi. Mwingine ndani anavuta kamba polepole kuelekea katikati ya gari, na ulimi wa mpira unapanda juu ya ukingo wa bati kadiri kamba inavyotoka. Ukihisi kamba imekwama usiivute kwa nguvu. Rudi nyuma kidogo, ongeza sabuni, mwenye nje akandamize. Vioo vingi vinapasukia konani kwa sababu ya mtu mmoja mwenye haraka. Kilipokaa, tuliinua ukingo wa nje wa mpira kidogo kidogo na kuingiza sili isiyoganda ya kioo, ile inayobaki laini, ukafutwa kwa kitambaa chenye thina kidogo.

Kisha majaribio, na hapa mwenye gari ndiye huwa tatizo, maana anaona kimekwisha na anataka kupakia viazi. Hatukurudisha siti zote, felti wala mpira wa sakafuni. Tulirudia kumwaga maji pua chini, poda ndani, muda mrefu kuliko mwanzo. Matundu ya chini ya mlango ulioloweshwa yalikuwa yanachuruzika kidogo, ndani hakuna mstari. Halafu mzee akapewa gari lake na siti moja tu ya kuendeshea, sakafu tupu, magazeti yametandazwa kote, aende nalo nyumbani aliegeshe kama kawaida yake, asubiri mvua ya kweli. Gazeti haliongopi, likiguswa na tone linajikunja na kubaki na alama hata likikauka.

Alirudi na magazeti yake ameyakunja vizuri chini ya mkono, upande wa dereva yote makavu. Moja tu lilikuwa na doa, la nyuma ya siti ya abiria, karibu na ukuta wa kabini. Kioo cha nyuma nacho kina mpira wa umri ule ule. Tulimwagia maji muda mrefu, tambarare, pua chini, pua juu, hakikutoa kitu, na mzee akakumbuka kwamba alikuwa amelaza koti lake bichi hapo. Tulikiacha. Felti ya zamani haikurudi ndani. Tuliweka sponji nene isiyonyonya maji, tukairudisha siti ya pili, akaondoka kwenda kupakia.